Kiti cha Mama Mkwe

Siku niliyovua ovaroli na kuitundika kwenye msumari wake, vijana wa karakana mliniuliza nitawaachia nini. Mliuliza kwa adabu, lakini macho yenu yalikuwa kwenye sanduku la spana. Niliwaona. Spana mmeshazipata. Moja haimo, ile ndogo ya nati ya kiti, na msisumbuke kuitafuta chini ya meza, ilikokwenda nitaeleza. Kilichobaki ni haya mambo ya viti, ambayo nimeyasema kwa hasira tangu nilipoanza kazi na mkayasikia kwa sikio moja. Nayaandika sasa kabla macho hayajanikataza kabisa.

Niliingia duka la baiskeli la Mzee Gurdial, mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitoka kiwanda cha sukari nilikokuwa nikitia mashine mafuta. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, Achieng', na nilijiona fundi. Mzee Gurdial alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe alizozikunja vizuri chini ya kidevu, na mikono iliyonuka grisi hata Jumapili. Hakunipa spana. Aliifunga baiskeli nyeusi kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, akaniambia nipande nikanyage.

"Nikanyage mpaka saa ngapi, Mzee?"

"Mpaka naanza uma. Ikiuma, ambia mimi wapi."

Jua halijafika katikati, goti la kulia likaanza kuniuma kwa mbele, chini kidogo ya pia yake. Nikamwambia. Akaja akakipandisha kiti kupita kiasi, akarudi kwenye chai yake. Mchana maumivu yakahamia nyuma ya goti, na makalio yangu yakawa yanateleza huku na huku juu ya kiti nikiitafuta pedali iliyonikimbia. Jioni ndipo alipozungumza. "Kiti chini, goti nauma mbele. Kiti juu, goti nauma nyuma. Sasa wewe najua kwa mwili, hapana sahau." Nilirudi nyumbani nikichechemea na kumlaani. Mpaka leo sijasahau.

Baadaye alinifundisha yaliyobaki. Kisigino kwenye pedali, pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kujivuta. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti linabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo linapopenda. Kisha timazi, ambayo kwetu ilikuwa uzi wenye nati mwishoni. Krenki, ile mikono inayoshika pedali, zikilala sawa, uzi uning'inizwe mbele ya goti na uangukie katikati ya pedali. Mwisho kabisa unamwambia mteja aendeshe, nawe unasimama nyuma yake na kutazama makalio. Yakitulia, kiti kiko sawa. Yakicheza, kishushe.

Kulikuwa na wateja ambao makalio yao hayakutazamika. Wake za wafanyabiashara wa Kihindi nao walikuwa na baiskeli, na Mzee Gurdial aliwahudumia kwa njia yake. Aligeukia ukuta, akafumba macho, akasikiliza mnyororo. Mnyororo wa mtu aliyekaa vizuri huimba mfululizo. Kiti kikiwa kirefu mno, wimbo hukatika kidogo kila pedali inapofika chini, kwa sababu mguu haujafika. Nilidhani ni mzaha wa mzee, hadi nilipojaribu mwenyewe kwa mwaka mzima nikaanza kuusikia.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Wachukuzi wa samaki wa Asembo Bay walikuwa wakija na magoti yamevimba, kwa kuwa walikalia viti vya chini kabisa ili miguu yote miwili ifike ardhini. Ukiwa na kikapu cha samaki mgongoni mwa baiskeli, ukisimama na mguu usifike chini, samaki wote wanalala barabarani. Nilikuwa nawapandishia kidogo, upana wa kidole, nao wakifika Kisian, njiani kurudi, wanakishusha tena kwa jiwe. Sikuwalaumu. Katekista mmoja naye alitaka pua ya kiti itazame mbinguni, akakaa hivyo miezi kadhaa, halafu akaniletea malalamiko ambayo hakuweza kuyataja mahali yalipo. Niliiteremsha pua, akaniombea baraka ndefu kuliko kazi yenyewe.

Lakini nilikusudia kuwaambia habari za Mama Prisca, na nimekuwa nikizunguka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, magugu yakiwa yameanza kulifunika ziwa. Klabu moja ya pale ziwani ilitangaza mashindano ya aina ambayo mji haukuwahi kuyaona: watu waogelee Dunga, watoke majini wapande baiskeli hadi Awasi na kurudi, kisha wakimbie mjini kwa miguu. Mji ulicheka. Kisha ikasikika kwamba shirika moja la umma lililokuwa na timu ya michezo lingewachukua wanawake wawili wa kwanza na kuwapa kazi ya kudumu, na kicheko kikapungua.

Asubuhi moja mwanamke akasimama mlangoni mwa duka na baiskeli kuukuu iliyonuka samaki. Nilipoinua kichwa na kumwona, nilirudi nyuma mpaka nikagonga rafu ya matairi. Naye alikwisha kugeuka na kutazama barabara. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mama mkwe wangu.

Kwa wasiotoka kwetu Ujaluoni nieleze. Mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe, maro, hata kama ni mdogo wako kwa umri, na Mama Prisca nilimzidi kwa miaka mingi. Maro humgusi. Humpi mkono, hukai naye benchi moja, humpi kitu mkononi. Unakiweka chini, yeye anakiokota. Humkodolei macho, na sehemu za mwili wake ambazo fundi wa viti huzitazama mchana kutwa, hizo ndizo za kwanza kutotazamwa. Atakayevunja mwiko huo anajiletea chira, ule ugonjwa wa kunyauka ambao hospitali haina jina lake. Mnaweza kucheka nyinyi mliozaliwa juzi. Mimi sikucheka.

Alizungumza akiwa ameitazama ile barabara. "Baba Achieng', nimekuja kwa Mzee, si kwako. Lakini Mzee anasema wewe ndiye."

Ilikuwa kweli. Mikono ya Mzee Gurdial ilikuwa imeanza kutetemeka, na kazi ya kumkalisha mtu kwenye baiskeli alikuwa ameniachia mimi.

Shida yake aliieleza kwa maneno machache. Mumewe alikuwa amefariki akamwachia watoto watatu na baiskeli. Tangu hapo alikuwa akibeba samaki kutoka Asembo Bay hadi Kisumu kwenye kiti cha chini, kama wanaume wa njia ile, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kumtisha. Kuogelea alijua tangu utotoni, alikua akizamia nyavu na kaka zake. Mbio alikimbia shuleni. Ilibaki baiskeli. "Nikipata hiyo kazi, nimepona," alisema. "Goti likikataa, narudi kwa samaki. Na samaki pia wanataka goti."

Nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikamtazama Mzee Gurdial, naye akatazama chai yake, na nikamwambia mama mkwe aje kesho.

Mama yangu aliposikia alikuja kutoka kijijini Pap Onditi siku hiyohiyo. Hakukaa wala hakunywa maji. "Okelo," alisema, "unataka kuleta chira kwa boma yangu juu ya baiskeli?" Nikamwambia sitamgusa wala kumtazama. "Sasa utamfanyia kazi na nini? Na pua?" Nikamwambia nitatumia mikono ya mke wangu. Alisema mikono ya Beldina si ya mwiko, maana yule ni mama yake mdogo, lakini nikiteleza hata kidogo nisimwite kwenye mazishi yangu. Nilikwenda na maneno hayo kazini wiki zote zile.

Beldina naye hakufurahi. "Mimi niliolewa na wewe," alisema, "sikuolewa na spana." Lakini alikuja.

Baiskeli tuliyompa Mama Prisca ilikuwa nyepesi, ya usukani uliopinda, aliyoiacha mzungu mmoja wa mradi wa maji. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu baiskeli ya mashindano kama haya haikalishwi kama nyingine. Mtu atakayeshuka na kukimbia hawezi kumaliza mapaja yake barabarani. Kiti chake husukumwa mbele na kupandishwa kidogo, pua yake ikainamishwa unywele mmoja tu. Mwili hulala mbele, viwiko vikae juu ya usukani, nyonga zibaki wazi zisibanwe na tumbo. Hapo upepo wa tambarare ya Kano unampita juu, na mapaja yanabaki na kitu. Ukikosea kidogo, goti ndilo linalolipa. Pahali pa viwiko nilipatengeneza kwa chuma cha keria ya zamani, nikakivika mpira wa tubu.

Tulitundika gunia katikati ya karakana. Upande mmoja Mama Prisca na Beldina, upande wa pili mimi. Nilikuwa nauliza, Beldina anajibu.

"Uzi unaanguka wapi?"

"Mbele ya pedali."

"Mbele kiasi gani?"

"Kama kidole changu."

"Kidole kipi?"

"Yawa! Kidole!"

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Nilikuwa natoka jasho kwa maneno kuliko nilivyowahi kutoka kwa nyundo. Spana ikihitajika upande wa pili, niliiweka sakafuni na kuisukuma chini ya gunia kwa mguu. Mwishoni Mama Prisca alikuwa akiendesha kwenye barabara ya nyuma ya duka, nami nikitazama ukuta kama Mzee Gurdial, nikisikiliza mnyororo ukienda na kurudi. Siku ulipoimba mfululizo nilikaa chini nikapumua. Goti lilikuwa limenyamaza. Nikajua tumeshinda.

Siku moja kabla ya mashindano Mzee Gurdial alitoka kwenye kiti chake na kuja kumtazama Mama Prisca akishuka. Kwa umri wake na kabila lake, yeye hakuwa na mwiko. Alitazama juu hadi chini, kisha akaja upande wangu wa gunia na uso wa mtu aliyeona nyoka.

"Okelo. Kesho huyu natoka wapi?"

"Majini, Mzee."

"Na leso?"

Sikumwelewa. Akaniambia kwa sauti ya chini. Kwa kuniheshimu mimi, mkwe wake, Mama Prisca alikuwa amekuja kila siku amejifunga leso mbili juu ya nguo, akazikalia, na miguuni amevaa akala, vile viatu vya mpira wa tairi. Kwa kumheshimu yeye, mimi sikuwahi kutazama. Beldina alikuwa amepima kila kitu sawasawa, juu ya leso na juu ya akala. Na kesho angetoka ziwani miguu mitupu, na nguo ya kuogelea iliyomganda mwilini. Leso zilikuwa zimemwinua, akala zilikuwa zimemrefusha mguu, na akala ni nene kuliko leso. Kiti tulichokipima kwa wiki zile kilikuwa cha mtu mwingine, kirefu mno kwake.

Lori dogo la waandalizi lilikuwa likipita mjini likikusanya baiskeli, kwa sababu zingelala uani Dunga chini ya ulinzi, na tulikuwa tumeambiwa wanafika kwetu jioni hiyo. Ilibidi apimwe upya, na apimwe akiwa na nguo za mashindano, hakuna njia nyingine. Gunia halikutosha tena, lilikuwa na matundu.

Nilitoka nje. Nilizunguka nyuma ya duka, kwenye kichochoro, nikasimama nje ya stoo ambayo ukuta wake ulikuwa wa mabati. Ndani Beldina na Mama Prisca walifunga mlango, leso na akala zikavuliwa. Niliegemeza sikio kwenye bati lililokuwa na joto la jua, nikapiga kelele kama mpiga mnada.

"Kisigino kwenye pedali!"

"Kiko!" Sauti ya Beldina.

"Mguu umenyooka?"

"Umenyooka, lakini amekaa upande. Pedali iko mbali."

"Legeza nati! Shusha upana wa kucha!"

Nikasikia chuma kikikwaruza, kisha Beldina akapiga ukelele. Spana ilikuwa imeruka ikamchuna vidole. Nikaushika mlango wa stoo wa kichochoroni, nikauachia. Kisha sauti nyingine, ambayo haikuwa imewahi kunisemesha moja kwa moja katika kazi ile, ikasema, "Lete hapa. Mimi ndio nitakalia hiyo kiti. Baba Achieng', sema. Nasikia."

Nikamwambia kila kitu. Jinsi ya kushika spana karibu na mwisho wake. Jinsi ya kukizungusha kiti kulia na kushoto kikipanda au kikishuka, usikivute tu. Jinsi ya kuegemea kitu, kuweka kisigino, kuusikiliza mguu wenyewe na si kuutazama. Alifanya, akashuka, akafanya tena. Watu waliopita kichochoroni walisimama kunitazama mtu mzima nikizungumza na bati. Mara ya mwisho aliendesha kwenye stendi, nami nikafumba macho, na mnyororo ukaimba.

"Kaza sasa, Mama. Kaza mpaka uone nyota."

"Naziona."

Honi ya lori ikalia barabarani. Nilikimbia kuzunguka duka ili niikaze ile nati mara ya mwisho kwa mkono wangu, maana baiskeli peke yake haina mwiko. Nilipofika, ilikuwa imekwisha kupandishwa juu ya zile nyingine na mlinzi amekataa katakata niiguse. Niliwahi jambo moja tu. Nilimwambia Beldina, naye akamwambia Mama Prisca: kesho Dunga, ukiruhusiwa kuishika baiskeli, funga hiyo spana chini ya kiti kwa utepe wa tubu, uende nayo. Nililitazama lori likiondoka na nati niliyokuwa sijaigusa.

Kesho yake Beldina alibaki Dunga, mimi nikapanda pikapu ya wauza mchele hadi Awasi, mahali pa kugeukia. Awasi yote ilikuwa barabarani. Mwamuzi alikuwa mwalimu mwenye filimbi, na alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mshindani haguswi wala baiskeli yake haiguswi. Atakayesaidiwa kwa mkono ameondoka mashindanoni. Watu waliitikia vizuri. Wanaume wa kwanza walifika na kugeuka. Kijana mmoja mnyororo wake ukachomoka, na kabla hajashuka, Awasi nzima ikawa imemzunguka: mmoja ameshika usukani, mwingine amerudisha mnyororo, watatu wanasukuma. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa baiskeli akikwama, anasukumwa. Filimbi ikalia, kijana akatolewa, naye akakaa kando ya barabara akilia na watu waliomsaidia wakimpa pole.

Hapo ndipo hofu iliponishika kweli. Sikuogopa tena goti peke yake.

Akapita mwanamke wa kwanza, wa kutoka Nairobi, baiskeli yake haitoi sauti. Kisha msichana mrefu wa chuo. Halafu barabara ikawa tupu. Nilitazama mpaka macho yakatoa maji, na nilipomwona kwa mbali sikuhitaji kumtazama zaidi. Magoti yake yalikuwa yakipanda karibu na kidevu, kama mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mtoto. Kiti kilikuwa kimezama.

"Sukuma mama!" mtu alipaza sauti. "Huyo ni wetu! Sukumeni!"

Nilijikuta katikati ya barabara nimetanua mikono, nikimpa mgongo mama mkwe na uso nikiipa Awasi. "Kik umule!" nilipiga kelele. "Asiguswe! Mkimgusa mmemuua!" Walinisonga. Mwanamume mmoja mwenye mikono mikubwa aliniambia nina roho mbaya, mama wa watu anaumia nami nimesimama. Nilimsukuma kifuani. Sijawahi kumsukuma mtu kabla wala baada.

Nyuma yangu breki zililia. Nikasikia pumzi yake, ya haraka, yenye maumivu.

"Baba Achieng'. Nimegonga shimo pale Ahero. Imeenda chini yote. Goti limeanza."

"Spana unayo?"

"Ninayo."

"Wewe ndiye fundi, Mama. Legeza."

Sikugeuka. Mwalimu alikuwa ametusogelea na filimbi mdomoni, macho yake yakienda kwenye mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa hewani mbele ya watu wote. Nilisikia nati ikilegea. Nilisikia kiti kikizungushwa kulia, kushoto, kikipanda. "Egemea jiwe la kilomita," nilisema. "Kisigino." Nilisikia nyayo tupu juu ya chuma. "Bado," alisema mwenyewe. Akashuka. Kiti kikakwaruza tena. Wakati wote huo nilijua kwamba yule wa chuo yuko njiani kuelekea Kisumu na kila pumzi ni mti mmoja zaidi kati yao. Nilitaka kumpokonya ile spana. Nilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka kazini.

"Kimeitika," alisema. "Nakaza."

"Mpaka nyota."

Nati ikatoa mlio wake wa mwisho. Kisha akaondoka, na Awasi ikapiga vigelegele, kila mtu akigeuka kumtazama akienda isipokuwa mimi. Mwalimu aliniuliza kama sitaki kuona. Nilikuwa nimefumba macho nikiutafuta mnyororo kati ya kelele zote zile. Niliupata kwa muda mfupi tu kabla haujapotea. Ulikuwa unaimba.

Pikapu ya kurudi ilikawia. Ilisimama Ahero kupakia magunia, ikasimama tena mtu alipotaka kununua ndizi, na nadhani nilimtukana dereva. Nilipofika mjini watu walikuwa wanatawanyika, kamba za barabarani zimeshakunjwa. Nilimtafuta Beldina mpaka nikamwona amekaa kwenye nyasi chini ya mti, vidole vyake vimefungwa kitambaa, analia. Nikachuchumaa mbele yake.

"Sema," nikamwambia.

Ilibidi ajifute uso kwanza. Alisema Mama Prisca alishuka kwenye baiskeli wa tatu, nyuma sana. Yule wa chuo alikuwa mbele yake, lakini mapaja yake yalikuwa yamekwishia barabarani, akawa anakimbia kama mtu anayepita matopeni. Mama Prisca alimkuta karibu na mwisho, kwenye ukuta wa shule, akampita. Wa pili. Beldina aliongeza kwamba kila mtu alipomkumbatia Mama Prisca yeye alikuwa anauliza pikapu ya Awasi iko wapi.

Mama Prisca alikuwa amekaa upande wa pili wa mti, tayari amejifunga leso zake zote mbili. Nilisimama upande wangu. Tukawa tumepeana migongo, shina likiwa katikati yetu.

"Baba Achieng'," alisema.

"Mama."

"Goti halijasema kitu."

Nililia. Niliegemea ule mti na kulia kwa sauti mchana kweupe, na sina aibu ya kuliandika. Nilipopata tena kauli nilimwambia aondoke na ile spana, kwa kuwa ni yake sasa.

Kazi alipewa, na watoto wake wakasoma mjini. Mama yangu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo akinichunguza kama nimekonda. Mzee Gurdial alifariki kabla muongo haujaisha, na nikambebea jeneza pamoja na wanawe. Nimewakalisha watu wengi tangu wakati huo, na kila mmoja nimemwambia aje na nguo na viatu atakavyopandia siku yenyewe. Nyinyi nanyi muwaambie hivyo, na mmfundishe kila mmoja kukipandisha kiti chake kwa mkono wake mwenyewe. Hamtakuwa Awasi kila anapogonga shimo.

Siku ile mliyoniaga, mlipanga foleni mkanipa mkono mmoja mmoja, wateja na majirani na yule katekista. Mliona mwanamke mmoja aliyesimama nje, ng'ambo ya barabara, hakuingia. Mmoja wenu aliniuliza kwa nini yule mama amekuja mpaka hapa asinipe mkono. Yule mama alipoona namtazama, aligeuza uso kwa adabu, akafungua mkoba wake, akaiinua ile spana ndogo juu ya bega ili niione, akairudisha, akaenda zake akitembea vizuri kwa magoti yote mawili.